Vidonda vya kinywani kwa mbwa mdogo: kusuuza nyumbani, vidonge, nusukaputi au kukata kinyama?

Mbwa wa kilo tatu anayekimbilia bakuli, akalinusa, kisha akarudi nyuma, kwa kawaida hakukosa hamu ya kula. Kinywa kinamuuma. Ukimnyanyua mdomo ukakuta kidonda chekundu chenye utando mweupe katikati, na hujui kimetoka wapi, njia zilizo mbele yako ni nne: kumsuuza nyumbani na kusubiri, kumpa kozi ya antibayotiki, kumlaza kwa nusukaputi asafishwe meno na kung'olewa yaliyoharibika, au kukatwa kinyama kikapimwe maabara. Ipo na ya tano, sindano ya steroidi (dawa ya kuzima uvimbe), ambayo hutolewa sana na ndiyo inayovuruga hizo nne. Nayo tutaifikia.

Ukubwa wa kidonda hausaidii sana kuchagua. Kinachosaidia ni mahali kilipo na umri wa mbwa.

Kabla ya kutia kidole

Kama mbwa anatoka udenda, taya la chini limelegea, hawezi kumeza au sauti yake imebadilika, na chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijulikani au imepitwa na wakati, usimfungue kinywa hata kidogo. Kichaa kikishalegeza misuli ya koo, mbwa huonekana kama aliyekwamwa na mfupa, na mwenye kuingiza mkono kuutafuta mfupa huo ndiye anayepakwa mate yenye virusi. Mfungie chumba peke yake, mwite daktari wa mifugo. Mate yakigusa mkwaruzo wowote, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mbwa aliyechanjwa na mtulivu hukaguliwa na watu wawili. Mmoja anampakata, mgongo wa mbwa ukiegemea tumbo lake. Wa pili anashika tochi ya simu. Anza bila kumfungua: nyanyua mdomo wa juu pembeni mpaka uone magego ya nyuma, kwa sababu shida nyingi ziko huko na siyo mbele. Mwisho mfungue kidogo kwa kushika taya la juu nyuma ya chonge, na kidole cha mkono mwingine kibonyeze chini ya kidevu, pale palipo laini katikati ya mifupa miwili. Ulimi utanyanyuka. Uzi wa kushonea uliozunguka shina la ulimi hujificha hapo, na bila kubonyeza hivyo hutauona. Ukiukuta usiuvute: huenda ncha nyingine iko kwenye utumbo, na ukiuvuta utakata kama msumeno.

Piga picha, weka tarehe. Baada ya siku tano kumbukumbu yako itakudanganya, picha haitakudanganya.

Mahali pa kidonda ndipo pa kuanzia

Kidonda kilichokaa ndani ya shavu au mdomo, mkabala na jino, kama muhuri uliogongwa na jino hilo, ndicho kinachowasumbua zaidi wenye mbwa wadogo. Nyanyua mdomo, kisha uuachie taratibu: utaona kidonda kinarudi kulala juu ya gego au chonge ileile. Kinga ya mwili inaushambulia ukoga ulio juu ya jino, na nyama inayougusa ndiyo inayoungua. Maltese na Cavalier King Charles Spaniel wanajulikana kwa hili, lakini aina yoyote inaweza kupata. Jino lenyewe linaweza kuonekana zuri tu. Ndiyo maana watu husema kidonda hakina sababu.

Kidonda kilichoko ncha na kingo za ulimi, pumzi inanuka kama mkojo, mbwa anakunywa maji kupita kiasi na amekonda, ni dalili ya figo. Hapa njia zote nne zinasubiri. Kinachotangulia ni kipimo cha damu cha figo, yaani kreatinini na yurea, pamoja na cha mkojo. Kumlaza mbwa huyu kwa nusukaputi kabla ya majibu ni kumtosa. Na kama ni mbwa mchanga, amedhoofika ghafla na ana homa au macho ya njano, daktari atafikiria pia leptospirosisi, ambayo hupita kwenye mkojo wa panya na huambukiza watu, vaa glavu.

Vidonda vilivyotokea leo hii, vingi kwa pamoja, mdomoni na juu ya ulimi, ni vya kuungua. Jiki, sabuni za chooni zenye nguvu, betri iliyotafunwa, kiwavi mwenye manyoya, au ua la ndani lile la majani mapana yenye madoa meupe ambalo utomvu wake una fuwele kali. Kwa kemikali, vidonda huweza kuchelewa saa kadhaa, kwa hiyo kinywa safi saa moja baada ya tukio hakithibitishi kitu. Inamisha kichwa, mwagia maji safi kutoka pembeni ili yatoke upande wa pili, dakika 10 hadi 15 kwa kumpumzisha. Usimtapishe, maana kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Usimpe ndimu wala siki kupambana na jiki.

Alama ya kijivu, kavu, kwenye pembe ya mdomo kwa mtoto wa mbwa anayetafuna kila kitu: angalia waya wa umeme. Kidonda si hatari kubwa hapo. Hatari ni mapafu kujaa maji ndani ya siku moja na nusu, wakati mbwa anaonekana amepona. Mhesabie pumzi akiwa amelala. Zikizidi 40 kwa dakika, mpeleke usiku huohuo.

Kuna na kidonda cha kwenye kaakaa kwa mbwa wa miezi minne hadi saba. Chonge ya chini imeota kuelekea ndani na inatoboa paa la kinywa kila anapofunga. Mbwa wadogo huchelewa kung'oka meno ya utoto, na jino la zamani likigoma kutoka hulisukuma jipya pembeni. Hapo hakuna dawa ya kupaka itakayosaidia. Jino la utoto litolewe mapema, mara nyingi jipya hupata nafasi na kujinyoosha.

Vitatu vya mwisho kwa haraka. Vinyama vyeupe kama koliflawa kwa mbwa mchanga ni chunjua za virusi na kwa kawaida huondoka zenyewe ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Vidoti vyekundu na fizi zinazovuja damu bila kidonda ni jambo la damu, na kwetu Afrika Mashariki mtuhumiwa wa kwanza ni kupe wa kahawia na homa anayoileta. Dawa yake ni doksisaiklini kwa siku 28. Uvimbe wa upande mmoja kwa mbwa mzee, wenye kutoka damu, na jino moja linacheza huku jirani zake wakiwa imara, usiupe muda: nenda moja kwa moja kwenye kinyama.

Kusuuza na kusubiri

Inafaa kwa kidonda kimoja kidogo, mbwa anakula, hana homa, na una dhana ya sababu: kajing'ata, kachomwa na mwiba wa samaki ambao umeshatoka. Kinywa hupona haraka kuliko ngozi. Ndani ya siku tano hadi saba kidonda kiwe kimepungua kwenye picha, na siku ya 14 kisiwepo. Kikiwepo, njia hii imekwisha kazi.

| Cha kusuuzia | Namna | Maoni |
|---|---|---|
| Maji ya chumvi | Kijiko kimoja cha chai kisichorundikana, nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa; mara 2–3 kwa siku | Huondoa mabaki, hayachomi. Hayatibu |
| Klorheksidini 0.12% | 1–2 ml kila upande kwa bomba lisilo na sindano, mara 2 kwa siku | Bora kati ya zote. Chungu, huacha doa la kahawia kwenye meno |
| Haidrojeni peroksaidi | – | Hapana. Huunguza nyama inayoota, na akimeza hutapika |
| GV ya zambarau | – | Huficha mipaka ya kidonda. Daktari hataona kitu |
| Dawa ya kusukutua ya watu | – | Hapana, mpaka lebo isomwe yote |

Klorheksidini inayopatikana famasi nyingi ni ya 0.2%. Changanya vipimo vitatu vya dawa na viwili vya maji yaliyochemka yakapoa, utapata 0.12%. Usichukue ile ya kuoshea vidonda vya ngozi iliyochanganywa na setrimaidi: kitu hicho chenyewe huunguza kinywa, na unaweza kuzidisha vidonda ulivyotaka kuvitibu.

Lebo isomwe kwa sababu ya zailitoli, kiungo cha kutia utamu, ambacho huandikwa xylitol au E967. Gramu 0.1 kwa kilo ya mbwa inatosha kuangusha sukari ya damu, gramu 0.5 kwa kilo inaweza kuua ini. Kwa mbwa wa kilo tatu hiyo ya kwanza ni gramu 0.3 tu.

Bomba liingie pembeni, kati ya shavu na meno, kichwa kikiwa sawa au kimeinama. Ukimwinua pua juu na kumwagia kooni, maji yataingia kwenye njia ya hewa.

Kozi ya antibayotiki

Hii ndiyo inayotolewa zaidi, na ndiyo inayotukera zaidi ikirudiwa. Bakteria wanaoleta shida wanaishi ndani ya ugaga na chini ya fizi, kwenye tabaka ambalo dawa iliyo katika damu hailipenyi. Kwa hiyo harufu hupungua siku chache, mbwa anachangamka, mwenye mbwa anafurahi, na wiki chache baada ya kidonge cha mwisho kidonda kimerudi palepale. Kozi ya pili hurudia mchezo. Ya tatu inaacha bakteria sugu, na jino limezidi kuoza.

Ina mahali pake: uso umevimba chini ya jicho, usaha unatoka, kuna homa, au daktari anatuliza uambukizo akisubiri siku ya upasuaji. Homa ya kupe pia, kama tulivyosema.

Ukipewa, shida kubwa kwa mbwa mdogo ni kipimo. Amoksisilini na klavulaniki hutolewa takriban mg 12.5 kwa kilo kila saa 12. Kwa kilo tatu ni mg 37.5. Kidonge cha watu cha mg 625 ungepaswa kukikata vipande 16 na zaidi, jambo ambalo halikatiki. Sharubati ya watoto ya mg 156 katika ml 5 hufanya hesabu iwe rahisi: ml 1.2. Mwombe daktari aandike kwa ml, na famasi wakusomee viungo, kwa sababu ya ileile zailitoli. Metronidazo ni chungu mno. Mbwa akitoa povu baada ya kuilamba si mzio, ni uchungu, lakini akianza kuyumba anapotembea kipimo kimezidi na dawa isimame. Doksisaiklini na klindamisini zikikwama kooni huchoma kidonda kipya huko, basi kila kidonge kifuatwe na ml 5 za maji.

Nusukaputi

Kwa mbwa mdogo aliyepita miaka mitatu, mwenye ugaga unaoonekana na kidonda kinachogusa jino, hii ndiyo chaguo letu, na mapema kuliko watu wengi wanavyopenda. Linganisha na kukwanguliwa meno akiwa macho kwenye saluni ya mbwa. Mkwanguaji huondoa ugaga wa nje, ule unaoonekana. Wa chini ya fizi hawezi kuufikia kwa mbwa anayejipindua. Meno yanang'aa, ugonjwa uko palepale, na safari hii umefichika.

Akiwa amelala, kila jino kati ya 42 huchunguzwa kwa kipimio chembamba kinachoshuka kando ya fizi. Kwa mbwa kina kikipita milimita 3 si kawaida, na kwa hawa wadogo hata milimita 2 inatiliwa shaka. Halafu eksirei, kusafisha juu na chini ya fizi, kung'arisha, na kung'oa yasiyookoka.

Kabla ya kukubali bei, uliza mambo haya. Je, atawekewa bomba kwenye koromeo lenye puto? Bila hilo, maji ya mashine na vipande vya ugaga vinaingia mapafuni. Atapashwa joto kwa kitu gani? Kijibwa cha kilo mbili hupoa haraka kama kikombe cha chai, na mbwa aliyepoa huchelewa kuamka. Nani kazi yake ni kuangalia pumzi na mapigo peke yake, asiyeshika koleo? Na kuna eksirei ya meno? Swali hilo si la anasa. Gego la kwanza la chini kwa mbwa mdogo ni kubwa mno ukilinganisha na taya linalolibeba. Mizizi karibu inafika ukingoni mwa mfupa. Ugonjwa ukishaula mfupa huo, daktari anayevuta bila picha anaweza kuvunja taya.

Mbwa mzima hufunga kula saa sita hadi nane. Mtoto wa mbwa na kijibwa cha chini ya kilo mbili kifunge muda mfupi zaidi, kama daktari atakavyosema, kwa kuwa sukari yao hushuka upesi. Maji yasizuiwe usiku. Baada ya kung'olewa, chakula laini siku 10 hadi 14: wali ulioiva sana na kuku aliyechambuliwa, vuguvugu, bila kitunguu wala kitunguu saumu. Akikataa kabisa saa 24, rudi.

Udhaifu wa njia hii uko kwa ile hali ya kinga kushambulia ukoga. Kusafisha humpa nafuu, lakini ukoga huanza kujijenga tena ndani ya siku moja. Mwenye mbwa asiyeweza kupiga mswaki kila siku afikirie mapema kuyatoa meno yanayogusa vidonda. Hata hivyo baadhi ya mbwa hubaki na vidonda baada ya meno kutoka, na hao wanahitaji dawa za kutuliza kinga chini ya daktari.

Kinyama

Kipande kidogo kinakatwa, kinawekwa kwenye formalini ya 10% iliyo mara kumi ya ujazo wake, kinapelekwa maabara. Kisigandishwe kwenye friza. Barafu hupasua seli na msomaji hataona kitu. Sehemu ya kukata ni ukingo, nyama nzima na mbovu zikiwa pamoja. Daktari akichota katikati ya kidonda, jibu litakuwa uchafu na usaha, na umelipa bure. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, wanafundisha na kufanya patholojia ya wanyama. Uliza kliniki yako inapeleka wapi na majibu huchukua siku ngapi.

Kinyama kinatenganisha mambo yanayofanana kwa macho: saratani, magonjwa ya kinga yanayotoa malengelenge, na uvimbe wa kawaida. Hakikutibu mbwa. Lakini kwa kuwa naye atalazwa kwa nusukaputi vilevile, fanya vyote siku moja. Kumlaza mara mbili kwa sababu nusu ya kazi ilisahaulika ni hasara kwa mfuko na kwa ini lake.

Sasa steroidi. Sindano moja, na kesho yake mbwa anakula kama hakuna kilichotokea. Uvimbe umezimwa, chanzo hakijaguswa, na kinyama kitakachokatwa wiki chache zijazo kitasomeka vibaya. Ikikutana na dawa ya maumivu kama meloksikamu, tumbo hutoboka vidonda. Ni dawa nzuri pale ugonjwa wa kinga umethibitishwa. Ikitangulia uthibitisho, ikatae kwa heshima na uulize mpango ni upi baada yake.

Maumivu, njia yoyote utakayochukua

Mbwa huumia kimya, kwa hiyo mwombee dawa. Meloksikamu ya maji ya mbwa, mg 1.5 katika ml 1: siku ya kwanza mg 0.2 kwa kilo, kisha mg 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, baada ya chakula. Kwa kilo tatu ni ml 0.4, kisha 0.2. Figo zikiwa na shida, hapana. Kidonge cha watu cha mg 7.5 ni zaidi ya mara 12 ya kipimo cha siku ya kwanza. Paracetamol ya mg 500 kwa mbwa huyo ni zaidi ya mg 160 kwa kilo, kiwango cha sumu. Ibuprofen na diklofenaki usizifikirie.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu wiki hii, na mbwa hana uvimbe wa uso wala shida ya kupumua: kwa aliyepita miaka saba, au anayekunywa sana, au aliyevamiwa na kupe, lipia kipimo cha damu, yaani figo na chembe sahani (zile zinazogandisha damu). Kwa aliye chini ya hapo, mwenye kidonda mkabala na jino, usinunue kozi ya vidonge. Weka fedha hiyo kando, msuuze kwa klorheksidini asubuhi na jioni, mpatie dawa ya maumivu iliyoandikwa na daktari, na weka miadi ya nusukaputi ya karibuni unayoweza kuilipia.